Vitabu vya mapishi

Kasongo

Mtoto wa kaka yangu mpenzi,

Nyanya yako mzima, analalamika tu humwandikii. Umeniuliza ununue kitabu gani cha mapishi utakapopita Bukavu.

Usikichague kwa picha. Kifungue palipo na chakula unachokijua vizuri, tuseme wali. Mpunga uliletwa huku na Waungwana kutoka pwani, enzi za mfanyabiashara Tippu Tip, ukabaki, na tunautwanga wenyewe: mchele una chuya na vijiwe, lazima upepetwe na kuchaguliwa. Wa mavuno mapya hautaki maji mengi, ukizidisha unapata uji. Wa mwaka jana ndio unaokunywa maji. Kitabu kikisema tu "osha, tia maji, funika", mwandishi wake anajua mchele wa dukani peke yake.

Kisha tafuta muhogo. Ule mchungu unahitaji kulowekwa siku tatu hivi, mpaka ulainike. Sombe, yaani majani yake, nayo itwangwe sana na ichemke vya kutosha kabla hujaitia mawese. Hapa hatusemi utamu. Kule Kahemba, upande wa Kwango, watu wengi wamepooza miguu kwa konzo, maradhi ya muhogo mchungu ulioharakishwa. Kitabu kinachopita juu juu hapo, mrudishie muuzaji.

Huenda ukakiona *Je sais cuisiner* cha Ginette Mathiot, kilichotoka Ufaransa mwaka 1932, chenye mapishi karibu 2,000. Siagi na tanuri zisikutishe. Mama yule alikuwa mwalimu wa upishi, na maneno yake ni machache: tia hiki, subiri, geuza. Sosi, supu, mayai, maharage, hayo yote yanapikika juu ya mbabula. Shida ni gramu. Mizani huko kwenu Kabambare zipo, ila ni za dhahabu! Omba muuza unga wa Bukavu akupimie mara moja kopo lako la maziwa linabeba gramu ngapi za unga, uandike kwenye jalada la kitabu.

Vile vya keki za harusi, vyenye karatasi za kung'aa, viache. Utavisoma kitandani, wala hutavipika.

Nunua kimoja tu. Pesa itakayobaki nunua sufuria nzito, maana hizi nyembamba zinaunguza wali chini wakati juu bado mbichi.

Mwalimu mwenzako akija Kasongo, mpe barua ya nyanya.

Shangazi yako