Mkebe Uliorudi Mtupu

Tulifika Leicester, Uingereza, mwezi wa Agosti 2013: mimi, mume wangu aliyekwenda kusoma, na binti yetu wa miaka saba. Sanduku moja zima lilikuwa la jikoni. Nilibeba mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, iliki, pilipili manga, na ukwaju uliofungwa na mamangu kwa mikono yake. Nilikuwa nimejiwekea ahadi kwamba mlango wangu ukishafungwa, ndani iwe ni Mombasa.

Mchele, bamia na muhogo havikunipa taabu. Mji ule umejaa Wahindi waliotoka Afrika Mashariki, wakiwamo wale waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, na hata muhogo wanauita "mogo". Nazi nyingine nilizivunja nikazikuta zimeoza, nikaishia kwenye tui la kopo. Mbuzi yangu ikalala chini ya kitanda.

Taabu ilikuwa kwenye pakiti. Kiingereza nilikijua, lakini si kile cha maandishi madogo ya nyuma. Nilisikia kwamba jelatini huenda ikawa ya nguruwe, na kwamba ile namba E471 huweza kutokana na mafuta ya mnyama au ya mmea, wala pakiti haisemi ni yapi. Basi nikashika njia ya mkato: chochote kisichotoka jikoni kwangu, mtoto asile. Sijutii kuiogopa haramu. Ninachojutia ni kwamba niliogopa bila ya kuuliza mtu.

Kila asubuhi nilimtilia mkebeni mahamri na mbaazi za nazi, au wali na samaki wa kupaka. Kila jioni mkebe ulirudi mtupu, nami nikamshukuru Mwenyezi Mungu.

Mwezi wa Novemba mwalimu akaniita. Chakula changu kilikuwa kikiishia kwenye pipa la taka, tangu wiki ile ya kwanza wenzake mezani walipoziba pua kwa harufu ya samaki. Cha shule naye hakukigusa, hata viazi vya kuchemsha, kwa kuwa "mama amesema ni haramu". Alikuwa akinywa maji tu mpaka saa tisa na robo. Mtoto wa miaka saba alikuwa akifunga siku tano kwa wiki, na mimi niliyemfungisha nilikuwa nikimgombeza jioni kwa kula kwa pupa.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "Kila usiku ulikuwa ukimlilia bibi kwenye simu kwamba chakula cha huku hakiliki. Nikaona nisikuongezee."

Nyumba ya pili palikaa bibi mmoja wa Kihindu, mzaliwa wa Kampala, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kimechakaa lakini kinafahamika. Mara mbili alikuwa ameniletea sahani ya vitamutamu. Nilizipokea kwa tabasamu, nikafunga mlango, nikavitupa. Mtoto alijifunza wapi kutupa chakula kimyakimya, sina haja ya kueleza.

Siku ile nilibisha hodi kwake nikamweleza yote, isipokuwa hilo la sahani. Akacheka. Yeye hajala nyama maishani mwake, na kwa miaka zaidi ya arubaini amekuwa akisoma pakiti za nchi ile. Alinipeleka dukani akanifundisha: alama ya kwamba kitu kinawafaa wasiokula nyama maana yake hakina jelatini wala mafuta ya nguruwe, lakini pombe yaweza kuwamo katika vionjo, na hilo nilitazame mwenyewe. Nyama ilibaki kazi yangu. Nilijifunza kumuuliza mwenye bucha kama mnyama hupigwa umeme kabla ya kuchinjwa, jambo ambalo maulamaa wamehitilafiana, nikamchagua asiyefanya hivyo.

Kisha akafuatana nami mpaka jikoni kwa shule. Mpishi alitufungulia kabati, tukasoma pakiti moja moja. Katika siku tano, siku nne kulikuwa na chakula anachoweza kula binti yangu. Alichokipenda zaidi ni maharagwe ya kopo juu ya mkate wa kuchoma, akayaita "mbaazi za Kizungu". Niliyaonja. Ni matamu kama yaliyotiwa jamu, hayana nazi wala pilipili. Kwamba aliyapenda kuliko mbaazi zangu kuliniuma kidogo, sikatai.

Mwaka 2015 Ramadhani iliangukia katikati ya Juni. Jua la Mombasa, mwaka mzima, halipotei mbali na saa kumi na mbili na nusu. La Leicester lilikuwa likichwa saa tatu na nusu usiku. Jirani yetu ni mtu wa kulala mapema, lakini mwezi ule taa ya jikoni kwake iliwaka mpaka Maghribi yetu. Siku ya kwanza binti yangu alimpelekea kaimati. Nikiwa dirishani nilimsikia akimsomea mlangoni kila kilichomo: unga, hamira, tui, sukari, iliki, mafuta ya alizeti, yai hamna, bibi.

Sahani ilirudi na mogo wa kukaanga, wenye ndimu na pilipili. Tukafuturu nao.