Jina la Maradhi na Jina la Mtu

Katika riwaya ya John Green, The Fault in Our Stars (2012), vijana wenye saratani hukutana kanisani mjini Indianapolis, Marekani. Kila mmoja hutaja jina, umri, kisha maradhi yake. Hazel, msichana wa miaka 16 anayepumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni, ameizoea kanuni hiyo. Augustus anapomwuliza habari zake, yeye huanzia siku saratani ilipogunduliwa. Augustus anamkatiza: hadithi aitakayo si ya saratani, ni ya Hazel mwenyewe. Hazel anakosa la kusema.

Swali jepesi kiasi hicho linamkwamisha kwa sababu maradhi yamekwisha kumjibia. Kiswahili chenyewe hubainisha hatari hiyo. Mtu husemwa kuwa ‘anaugua’ au kuwa ni ‘mgonjwa’. Kitenzi hubeba njeo: aliugua, anaugua, ataugua. Kina mwanzo na yamkini kikawa na mwisho. Nomino haina njeo. Na ‘mwathiriwa’ je? Kiambishi -w- cha kutendwa humweka mtu mahali pa kupokea tu, kana kwamba hana analolitenda.

Furaha, katika tamthilia ya Kiswahili Orodha (2006) ya Steve Reynolds, analo analolitenda, ingawa amekwisha kufa. Mchezo unafunguka kwa mazishi yake. UKIMWI ndio uliomwua. Ameacha barua yenye orodha, na wanaume waliopata kuwa naye wanaingiwa na kiwewe, wakifanya njama barua hiyo isisomwe. Inaposomwa, majina yao hayamo. Furaha ameorodhesha mambo ambayo, lau angeyapata mapema, yangemwokoa.

Hapo hadhira nayo hunaswa, maana ilikuwa ikingoja majina. Mhakiki hunaswa zaidi. Mwanafunzi aliyelelewa na miongozo ya vitabu teule hufika kwenye sehemu ya ‘sifa za wahusika’ na kuandika bila kusita: malaya, mwathiriwa wa UKIMWI, funzo kwa vijana. Barua nzima imempita. Orodha aliyoitaka ni ile ile iliyohofiwa na wale wanaume.

Atatokea wa kupinga kwamba tamthilia hii iliandikwa ili kuonya, na kwamba Furaha aliumbwa awe funzo. Ni kweli, na si aibu. Maradhi yalikuwa yakiua, nayo fasihi haikuweza kukaa kimya. Lakini funzo halihitaji kuandika barua. Lingetosha kufa. Kwa kumpa Furaha kalamu, mtunzi alimpa nafsi inayochagua la kusema na la kunyamazia, nayo ikachagua kutowaaibisha waliomwangamiza.

Kasoro iliyopo ni nyingine. Sauti hiyo yenye mamlaka humjia Furaha kaburini, kwa kinywa cha mtu mwingine, ilhali Hazel hujisimulia katika nafsi ya kwanza tangu ukurasa wa mwanzo, kwa kejeli na hasira zake. Riwaya ya Green nayo hufikia tamati kwa maandishi ya marehemu: Augustus ameacha waraka kumhusu Hazel, unaomwonyesha kama mtu, si kama mapafu yaliyoharibika. Hazel anausoma mwenyewe, angali hai.