Picha Moja ya Bonde la Wafu



Wapendwa waamini, katika Masifu ya Asubuhi ya Dominika ya juma la kwanza, Mama Kanisa hutuwekea kinywani wimbo wa vijana watatu waliotupwa katika tanuru ya moto, kama tusomavyo katika Kitabu cha Danieli. Humo baridi, barafu na theluji vinaalikwa kumhimidi Bwana. Kwa miaka mingi tuliusali wimbo huo huku jasho likitutiririka, tukiwa hatujapata kuigusa theluji. Tulikuwa tumeitazama kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, asubuhi ambazo mawingu yalikubali kuondoka.

Mwezi Februari 2019, tulipokuwa masomoni Fribourg nchini Uswisi, tulipata siku nne za mapumziko. Tulikuwa mapadre watatu, na kiongozi wetu alikuwa mzee mmoja mlei wa parokia tuliyokuwa tukisaidia Misa. Mzee huyo ndiye aliyetufundisha kutembea na kuteleza kwa skii, kila Jumamosi tangu Noeli, kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Wawili kati yetu tulikuwa na kamera. Wa tatu, aliyetuzidi umri, hakuwa nayo. Alisema yeye anakwenda kusali.

Tuliondoka kwa gari alfajiri. Barabara inashuka hadi Ziwa Geneva, inafuata ukingo wa maji, kisha inaingia katika bonde la mto Rhone na kupita chini ya mwamba wenye abasia ya Saint-Maurice, iliyoanzishwa mwaka 515. Kutoka mji wa Martigny tulianza kupanda. Baada ya kijiji cha Bourg-Saint-Pierre barabara inapita chini ya mapaa ya zege yaliyojengwa ili maporomoko ya theluji yapite juu yake, na inaishia kwenye mdomo wa handaki linalovuka mpaka hadi Italia, ambalo lilifunguliwa mwaka 1964. Barabara ya zamani, ile ipitayo mlimani, hufunikwa na theluji majira yote ya baridi. Anayetaka kufika juu sharti aende kwa miguu yake.

Huko juu, mita 2,469 kutoka usawa wa bahari, ndiko iliko nyumba ya wageni ya Mtakatifu Bernardo Mkuu. Mt. Bernardo wa Menthon aliianzisha katikati ya karne ya 11 kwa ajili ya wasafiri, na mpaka leo Wakanoni wa Mtakatifu Agustino wanaishi humo, kiangazi na baridi, na mlango wao uko wazi kwa kila ajaye. Mwaka 1923 Papa Pio XI, ambaye mwenyewe alikuwa mpanda milima hodari, alimtangaza mtakatifu huyo kuwa msimamizi wa wapanda milima. (Watoto wa Mafundisho hutuuliza daima habari za mbwa. Ndiyo, ni wale wale. Lakini tangu mwaka 2005 wanatunzwa na taasisi maalumu mjini Martigny, na majira ya baridi hawakai huko juu.)

Tulibandika chini ya skii utepe wenye manyoya yanayouma theluji, ili mtu apande bila kurudi nyuma. Kila mmoja alivaa kifuani kifaa kidogo cha kutuma mawimbi ya redio, ili akifukiwa wenzake wamtafute, na mgongoni alibeba sepeto. Mzee akatuonya: “Mababa, mbele yetu kuna Bonde la Wafu. Halikupewa jina hilo bure. Tutapita mmoja mmoja, mita hamsini kati ya mtu na mtu, na hakuna kusimama.”

Hakuna kusimama. Tulimsikia vizuri kabisa.

Lakini tulipokuwa katikati ya bonde, ukungu ulipasuka. Jua likaangukia ukingo wa mlima mkono wa kuume, na vivuli vya theluji vikawa vya buluu, rangi ambayo hatukuwahi kuiona ardhini. Sisi wenye kamera tukasimama. Tunaandika “tukasimama” kwa sababu ni kweli tulikuwa wawili, ingawa tunajua kwamba wingi huo unapunguza aibu. Kupiga picha ya theluji kunahitaji muda: kipima mwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu, hivyo weupe ule hutoka kama majivu, na inabidi kuongeza mwanga kwa hatua moja au mbili, kujaribu, kutazama, kujaribu tena. Betri nayo huishiwa nguvu kwa baridi. Ilibidi tuipashe joto kwapani.

Tulikaa dakika kumi hivi. Padre mwenzetu aliyekuwa nyuma alisimama pia, kwa kuwa aliagizwa asitukaribie, na njia ilikuwa nyembamba. Alivua glavu moja ili akaze mkanda wa skii, na upepo ukaichukua. Hakupiga kelele. Alificha mkono ndani ya koti akangoja, chini ya mteremko ule.

Tulipofika juu, mkanoni aliyetufungulia alitazama kwanza mkono ule, kisha ndipo akatusalimu. Vidole vitatu vilikuwa vyeupe kama mshumaa. Aliviweka katika maji ya uvuguvugu, na damu iliporudi, mtu mzima yule alilia kwa uchungu mbele yetu, huku chai yetu ikipoa. Mzee alituuliza neno moja tu: “Mlikuwa mkitazama nini?”

Jioni hiyo, wakati wa Misa, mwenzetu hakuweza kufunga vishikizo vya alba. Tulimfungia. Alituruhusu, na hilo lilituumiza kuliko karipio.

Baadaye aliomba aione picha. Tulimwonyesha kwenye kioo cha kamera: ukingo wa mlima, jua, vivuli vya buluu. Aliisifu. Kisha akaweka kidole kizima kwenye kona ya chini, kushoto, akauliza, “Na hiki ni nini?” Ilikuwa nukta nyeusi. Tulinyamaza mpaka akaelewa mwenyewe kwamba ni yeye, akacheka sana.

Vidole vilipona, isipokuwa ncha ya kidole cha mwisho, ambayo mpaka leo hufa ganzi hata kwa baridi ndogo.

Mwaka jana vijana wa parokia waliiona picha ile wakaipenda, wakataka kuichapa kubwa kwa ajili ya ukumbi wetu. Walipendekeza tu kona ya kushoto ikatwe kidogo, kwa sababu kuna doa. Tuliwajibu kwamba wakitaka kuichapa, waichape nzima.