Simu Ilipopanda Lori

Vijana huniuliza nililea vipi watoto wanne nikiwa barabarani karibu maisha yangu yote ya kazi. Huwa najibu kwamba kwa miaka mingi sikulea, nilileta. Nilileta vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, viazi vya Makambako, mchele wa Mbeya, vitenge vya Tunduma na ada ya shule. Kulea alilea mama yao. Mimi nilikuwa mgeni anayependwa: nikifika anachinjwa kuku, watoto wanapanda kichwani kwenye lori kupiga honi, na kabla hawajanizoea nimeshaondoka.

Kazi niliianza nikiwa tandiboi, mwishoni mwa miaka ya 1980. Kuosha gari, kufunga turubai, kuweka jiwe nyuma ya tairi, kulala chini ya tela ili mafuta yasinyonywe. Mzee aliyenifundisha alikuwa mmoja wa wale waliobeba mafuta kwenda Zambia baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru kule Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ikawa haina tena njia ya kusini ya kuitegemea. Barabara yetu ya kutoka Dar kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, ilikuwa bado ya vumbi, na masika ikawa tope. Mapipa yalipita hapo hapo mpaka 1968, bomba la TAZAMA lilipoanza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Wenzake wengine, alisema, waliishia mabondeni na mizigo yao.

Mzee huyo alinifundisha kushuka mlima wa Kitonga. Gia ya kushukia iwe ile ile ambayo ungepandia, na uiingize kabla mteremko haujaanza, kwa sababu ukishaanza hutaipata tena. Breki ya mguu uiguse na kuiachia. Ukiikalia, itanuka, na ikinuka imeshakuaga. Kuhusu mke na watoto hakunifundisha neno. Ukimuuliza habari za nyumbani alikujibu habari za tairi. Nikadhani ni mtu mkavu. Nilipoanza kuendesha mwenyewe ndipo nikajua kwamba hakuwa na habari za nyumbani za kusimulia. Angezipata wapi? Tulikuwa tunatoka Dar na kupotea. Mke akitaka kukupata alimpa ujumbe dereva mwingine anayeelekea huko, naye akikukuta mizani au kwa mama ntilie wa Mikumi anakwambia, asipokukuta anarudi nao. Fedha za matumizi nilizifunga kwenye bahasha, nikampa konda wa basi linaloteremka Dar. Sijawahi kuibiwa bahasha hata moja, na wengine wa makonda hao sikuwajua hata kwa jina.

Binti yetu wa pili aliugua surua akiwa na miaka mitatu. Ilimshika vibaya, macho yakafunga, mama yake akakesha naye wodini. Mimi nilikuwa Ndola nikisubiri kupakia. Niliporudi nilimkuta mtoto anakimbiza bata uani. Nikasimuliwa yote jioni ile nikiwa nakula: alivyozidiwa, aliyekopesha hela ya dawa, jirani aliyelala na ndugu zake. Nilisema "Mungu mkubwa" nikaongeza mchuzi. Ndivyo yalivyonifikia mambo ya nyumbani miaka hiyo, yakiwa yameshapikwa na kuiva. Baba wa safari alikuwa anapakuliwa tu.

Kisha ikaja simu. Niliinunua Nokia yangu mwaka 2002, na mwanzoni ilikuwa ya Iringa, Makambako na Mbeya, kwingine kote ni saa ya mkononi yenye taa. Minara ikaongezeka. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, bahasha za makonda zikafa kimya kimya, na nyumba yangu yote ikapanda kwenye lori. Mtoto amefukuzwa ada. Gesi imeisha. Mwalimu anataka mzazi. Mama yangu kule Iringa kaanguka bafuni. Mwenye nyumba kaja na maneno. Nipo katikati ya mbuga ya Mikumi, usiku, pundamilia wamesimama barabarani kama wanasubiri basi, na sikioni mtu analia.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba nina woga. Tairi la mbele limewahi kunipasukia Mlima Nyoka na sikutetemeka. Lakini mwanangu wa kiume alipolazwa kwa malaria iliyopanda kichwani, mimi nikiwa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, na shehena ya salfa ya migodini, nilitetemeka mpaka nikashindwa kubonyeza namba. Foleni ya Kasumbalesa haiachiki. Ukishuka ukaenda zako, umeacha mali ya watu na kazi yako. Kwa hiyo nilikaa pale nikipokea vipande: hajaamka, amefumbua macho, amelala tena, wanataka damu. Salio likiisha naangalia kioo cha simu kama vile kitanihurumia. Mama mmoja wa Kikongo, aliyekuwa akituuzia bukari, ugali wao, na samaki, alinikuta nimeinamia usukani. Akaniuliza, "Papa, unalia juu ya nini?" Nikamwambia. Akaweka sahani kwenye ngazi ya lori, hakutaka hela, akasema, "Mutoto atapona," akaenda gari la nyuma.

Mtoto alipona. Ugonjwa wake haukuwa mzito kuushinda ule wa dada yake, mama yao anasema surua ile ndiyo ilimtisha zaidi. Kilichozidi ni kwamba huu niliuishi. Tangu hapo nikawa sina tena safari ya amani, na sidhani kama ningeikubali ile amani ya zamani hata kama ningerudishiwa. Madereva wa rika langu wengi wanailaani simu. Wanasema imetia wake wivu na matajiri uchungu, maana siku hizi tajiri anakuona kwenye kompyuta umesimama Chalinze na anapiga kuuliza unakula nini kwa muda wote huo. Hilo nalilaani pamoja nao. Simu ya nyumbani, hapana. Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku chache kwa sababu ya korona, tulipanga malori Tunduma mpaka mwisho wa foleni hauonekani, na watu wa mjini wakitukwepa kama sisi ndio tulioutengeneza ugonjwa. Wanangu walinipigia kwa zamu. Hawakuwa na cha kusema. Mdogo alinisomea majina ya ndege kutoka kitabu chake cha shule.

Sasa nimestaafu, tuko Kibaha. Mwanangu yule wa Kasumbalesa anafanya kazi na watu wa Ulaya bila kutoka chumbani. Mtoto wake anagonga mlango, naye anajibu "Baba yuko kazini, mama" kwa sauti inayotoka mita mbili. Nilitaka kumcheka, nikakumbuka kwamba mimi nilikuwa namjibu hivyo hivyo kutoka Mpika, kule Zambia. Ameniuliza kama nilikuwa nachoka. Nikamwambia nilichoka sana nilipoanza kujua kila kitu. Akasema naye ndicho kinachomchosha.

Nilipomweleza mke wangu falsafa hii yote, kwamba simu ndiyo iliyonifanya baba, alikuwa anachambua mchicha. Akasema, "Baba watoto, zamani nilikuwa naamua, ukirudi nakupa taarifa. Ilipokuja simu nikaanza kuomba ruhusa." Nikataka kubisha. Akanikumbusha kiwanja tunachokaa: alikitafuta yeye, akapatana bei yeye, akawaita mjumbe na majirani washuhudie, mwaka 1996, mimi nikiwa Zambia. Nilirudi nikaonyeshwa mipaka. Ujenzi aliusimamia yeye, kuanzia msingi mpaka kwenye linta. Paa ndilo tulilolijadili kwa simu, na paa hilo, akasema akiendelea na mchicha wake, ndilo linalovuja.

Wiki iliyopita alikuja fundi bomba kuulizia kama tunataka tanki liwe juu au chini. Akanisalimia kwa heshima zote, akatoa daftari, akaningojea mimi. Nikamwelekeza jikoni.