Kutoka Kiseke hadi Kidichi: ukuta wa bibi harusi

Wengi wenu mnajua niliolewa bara, na huu ni mwaka wa sita niko Kiseke, Mwanza, mbali na bahari na karibu na ziwa. Kazi yangu ni kupiga lipu na kupamba kuta. Nilipoalikwa Unguja kwenye warsha ya siku tatu ya kuhifadhi kuta za kale zenye nakshi, mume wangu aliridhia, akanambia: "Ongeza siku moja, ukatembee."

Nami nilikuwa na haja yangu. Nyumba ya marehemu bibi, Mji Mkongwe, ukuta wa chumba cha ndani umeanza kumenyeka. Ndicho chumba tulichosingwa liwa sisi mabinti wote wa ukoo, na mdogo wangu anaolewa mwezi ujao. Kaka zangu walikwisha nunua mifuko ya saruji.

Nilipanda basi hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar, kisha boti. Njiani nilipunguza sala. Nilipofika nilisali kamili, maana kwa madhehebu yetu ya Shafii, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi tena.

Warshani tulifundishwa jambo ambalo wazee walilijua kwa mikono. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Jiwe hili hunywa unyevu, na chokaa huuacha unyevu utoke. Ukiziba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na lipu ikianguka huondoka na uso wa jiwe. Tena chokaa haitaki pupa: hupakwa tabaka jembamba, likasubiriwa likauke, ndipo lije jengine.

Siku ya nne nilikwenda Kidichi, kwenye mashamba ya viungo. Hamamu ile aliijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi. Kutani kuna nakshi za lipu za mtindo wa kwao, maua na ndege, na unyevu umeziacha na madoa meusi. Nilisimama pale muda mrefu. Mwanamke ameolewa ng'ambo ya bahari, na mumewe akaona vyema macho yake yapate kitu anachokijua. Sisi tulioolewa mbali tunajua uzito wa jambo hilo.

Jioni nilikula urojo Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib. Jumba la mwaka 1883, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Ukuta wa kale haukungoji ukiuahirisha.

Usiku nikakaa na kaka mkubwa. "Shikamoo kaka. Saruji hiyo tusiitie chumba cha bibi."

"Marahaba. Na harusi je? Chokaa itakauka lini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Kazi nzuri ingehitaji wiki nyingi, na nyumba za Mji Mkongwe hazifanyiwi matengenezo bila kibali cha Mamlaka. Aliyeamua ni bibi harusi mwenyewe. Alisema: "Nitundikieni kanga za bibi juu ya ukuta, nisingwe hivyo hivyo. Nataka na binti yangu akikute chumba hiki."

Kaka alicheka, akasema saruji itakwenda kwenye ukuta wa matofali wa shamba. Barua ya kuomba kibali tuliiandika usiku ule ule.

Dada yangu unayejiandaa kuolewa, kabla hujaagiza mapambo ya ukumbini, uliza chumba alichopambwa mama yako kiko katika hali gani. Ikiwa kingalipo, kakitazame kuta zake mchana, kwenye mwanga. Allah awajaalie ndoa zenye utulivu na nyumba zenye baraka. Amin.