Tulale Wapi Tukipanda Lushoto?

Akina mama wanapopanga safari ya pamoja, mazungumzo huanza na nauli, hufuata chakula, na mwisho huja vitenge vya sare. Mahali pa kulala huachiwa mtu mmoja mwenye simu, naye huambiwa, "Tafuta pa bei nafuu tu, sisi ni watu wa kulala." Hivyo ndivyo tulivyofanya sisi mwezi wa Agosti 2021, tulipopanda treni kutoka Dar es Salaam kwenda kuuona mji wa Lushoto. Tulirudi tumejifunza jambo ambalo tumeona si vema kulificha.

Tulikuwa wanawake saba wa kikundi kimoja cha kanisa. Wawili kati yetu ni wauguzi. Mkubwa wetu, ambaye sote twamwita Bibi, alikuwa na umri wa miaka 74, mwenye presha na goti linalomsumbua. Bibi ni Msambaa. Aliondoka kwao akiwa msichana, akaolewa pwani, na kwa miaka mingi hakuwa amelifikia kaburi la mama yake lililoko kijiji kimoja upande wa Irente. Sisi wengine tulikwenda kutembea. Yeye alikwenda kwa mama yake.

Reli ya zamani na mji wa zamani

Reli inayopita chini ya milima ya Usambara ni ya kale. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Mwaka 1963 iliunganishwa na Reli ya Kati kwa njia ya Ruvu hadi Mnyusi, na ndiyo maana mtu aweza kutoka Dar es Salaam kwa treni hadi kaskazini. Treni za abiria zilisimama kwa zaidi ya miaka 20, zikarudi Desemba 2019 hadi Moshi, na mwaka uliofuata hadi Arusha.

Lushoto nao una historia yake. Wajerumani waliukimbilia kwa sababu ya hewa yake ya baridi, wakauita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Lakini kabla yao Usambara ilikuwa na watawala wake wa ukoo wa Kilindi waliokaa Vuga, na huko Mlalo wamisionari wa Kilutheri walikuwa wamekwisha kufika mwaka 1891. Kwa hiyo anayekwenda Lushoto haendi kutazama majengo ya Wajerumani peke yake.

Hapa pana jambo la kuzingatia. Reli haipandi mlimani. Inapita chini, kwenye joto na mkonge, na Lushoto uko juu, zaidi ya meta 1,300 kutoka usawa wa bahari. Kutoka Mombo ni kama kilomita 33 za barabara ya lami yenye kona nyingi, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Mwenzetu mmoja aliyewahi kualikwa Ulaya na usharika rafiki alituambia kwamba huko nako ni vivyo hivyo. Miji mingi ya zamani ilikuwa imekwisha kujengwa reli ilipokuja, basi vituo vikawekwa pembeni. Ukienda Assisi, mji wa Mtakatifu Fransisko kule Italia, treni hukushusha chini bondeni, Santa Maria degli Angeli, na mji wenyewe unauona kilimani. Waweza kupanda kwa basi. Ukienda Venice, wenye mkoba mwepesi hulala Mestre, upande wa bara, kisha asubuhi huvuka daraja kwa treni. Kila msafiri hana budi kujiuliza: nilale kwenye kituo au nilale kwenye mji niliokuja kuuona?

Usiku wa kwanza: Korogwe

Hapo tulichagua vizuri, ingawa bila kujua. Treni yetu ilitushusha Korogwe usiku umeshakwenda. Vijana wa magari walitufuata wakitaka kutupandisha Lushoto saa ile ile. Baadhi yetu walishawishika, maana walitaka kuamkia kwenye baridi. Bibi akasema, "Wanangu, mlima ule haupandwi usiku na dereva aliyechoka." Tukalala gesti karibu na kituo.

Chumba kilikuwa kidogo na joto lilikuwa jingi, lakini kulikuwa na chandarua kizima na choo ndani, kile chumba ambacho wenye gesti hukiita "selfu". Sisi wauguzi twasisitiza chandarua. Korogwe na Mombo ni nchi ya chini, na mbu wa malaria wapo. Kule juu baridi huwapunguza, lakini usikiache chandarua chako nyumbani kwa kudhani mlimani hakuna homa.

Asubuhi tulikunywa chai, tukapanda basi dogo. Tulipita Mombo, tukaanza kona. Pale Soni tuliona maporomoko ya maji kando ya barabara. Bibi alikuwa amefungua dirisha, akivuta hewa ya kwao, na kila tulipopita mwanamke mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani alimsalimu kwa Kisambaa.

Usiku wa pili: kosa letu

Lushoto tulikuwa tumeweka nafasi kwa simu. Kulikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa hosteli ya kanisa kando ya barabara, yenye vyumba vya chini na choo ndani. Ya pili ilikuwa gesti kwenye kilima, ambayo bei yake ilipungua shilingi 5,000 kwa kila mtu kwa usiku. Kwa watu saba ni shilingi 35,000. Tulichagua gesti ya kilimani, tukajipongeza kwa akili zetu za kubana matumizi.

Tulipofika tuliona ngazi za udongo na mawe. Tulizihesabu, zilikuwa 43. Bibi alizipanda pole pole, mkono mmoja begani mwa mwenzetu, wala hakulalamika. Vyumba vilikuwa safi na mashuka yalikuwa meupe. Lakini choo kilikuwa nje, nyuma ya jiko, na njia yake haikuwa na taa. Blanketi lilikuwa moja kwa kila kitanda, na baridi ya Agosti kule si ya mzaha.

Usiku ule tulisali, tukalala. Alfajiri tulisikia kishindo kidogo. Bibi alikuwa ameinuka kitandani, akaona kizunguzungu, akaketi chini mlangoni akiwa ameshika kizingiti. Midomo ilikuwa imekauka. Tulimlaza, tukampima presha kwa kile kipimo chetu, kisha tukampima tena ameketi. Ilikuwa imeshuka sana.

Tukamwuliza, "Bibi, jana umekunywa maji kiasi gani?" Akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba ndani ya treni alikunywa kidogo sana kwa kuogopa choo kinachotikisika, na tangu mchana alipoona choo cha gesti kiko nje gizani hakunywa kitu tena, asije akatusumbua usiku. Lakini vidonge vyake vya presha, vile vya kukojosha, alivimeza kama kawaida, kwa sababu sisi wenyewe ndio tuliokuwa tukimkumbusha.

Wasomaji wapendwa, tuliona aibu. Sisi tulio wauguzi kila siku huwauliza wagonjwa wetu kama wamekunywa maji. Hatukumwuliza mama yetu. Tulimhesabia vidonge, lakini hatukuhesabu hatua za kutoka kitandani kwake mpaka chooni.

Gari halikuweza kufika mlangoni. Tulimketisha kwenye kiti cha mbao, wanne wetu na kijana wa gesti tukakibeba kwa zamu kushuka zile ngazi 43. Hospitalini daktari alimwona, akaongezewa maji, akaambiwa apumzike siku nzima. Siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tumeipanga kwenda kaburini, na kesho yake asubuhi tulitakiwa kuanza kushuka.

Tulihamia ile hosteli ya kando ya barabara. Gharama ya gari, matibabu na usiku mmoja wa ziada ilimeza zile shilingi 35,000 na nyingine juu yake. Lakini fedha siyo iliyotuumiza. Kilichotuumiza ni kwamba Bibi alikaribia kurudi Dar es Salaam bila kufika alikokuja, tena kwa uchaguzi wetu.

Irente

Usiku ule alilala chumba cha chini chenye choo hatua nne kutoka kitandani, blanketi mbili, na birika la chai juu ya meza. Alikunywa maji, akaamka mara tatu, wala hakumwamsha mtu. Asubuhi presha yake ilikuwa imetulia.

Tulikodi gari hadi kijijini kwao. Kaburi tulilikuta limezungukwa na migomba, limefagiliwa na jamaa. Tulimwacha peke yake kwa muda. Aliporudi alikuwa amejifuta macho, akatuambia, "Sasa nionyesheni hayo mliyokuja kuyaona ninyi."

Basi tukaenda kwenye mwamba wa Irente, kilomita chache kutoka mjini. Pale nchi inakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yachoke. Tulimwekea Bibi kiti mbali na ukingo. Tulipita pia kwenye shamba la Irente la Kanisa la Kilutheri, tukanunua mkate na jamu ya kupeleka nyumbani. Ni mahali pazuri pa kulala kwa wenye miguu mizima wanaopenda utulivu. Kwa mwenye mgonjwa, kumbuka kwamba usiku uko nje ya mji.

Mpange vipi ninyi?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mchagua kitanda si lazima awe mvivu. Huenda anamfikiria mwenzake. Kwa akina mama wanaotaka kupanda Lushoto, haya ndiyo tunayoshauri.

Treni ikifika usiku, laleni chini, Korogwe au Mombo, mkapande mchana. Kabla ya kununua tiketi ulizeni kituoni kama treni inatembea na itafika saa ngapi, maana ratiba hubadilika na mvua kubwa huharibu njia. Mwezi wa Machi hadi Mei ulizeni pia habari za barabara ya mlimani, kwa kuwa udongo huporomoka.

Mkiwa na mzee, mjamzito au mtoto mchanga, laleni Lushoto mjini, karibu na hospitali na stendi. Soko la pale lina karoti, kabichi na viazi vya kuwatosha, na mtapata gari kwenda kokote. Soni inawafaa wanaotaka ukimya na ambao wangependa kufika Vuga. Mtae, kwenye ncha ya milima, kunapendeza mno, lakini ni safari nyingine ya saa kadhaa juu ya hiyo ya Lushoto. Msiende kwa haraka.

Mnapopiga simu kuweka nafasi, msiulize bei kwanza. Ulizeni choo kiko wapi na kama kuna taa usiku. Ulizeni kuna ngazi ngapi, na kama gari linafika mlangoni. Ulizeni kuna blanketi ngapi na maji ya moto. Ulizeni usiku analala nani wa kufungua mlango mtu akiugua. Mkimaliza hayo, ndipo mwulize bei.

Na wale mnaotumia vidonge vya presha, msiache kunywa maji kwa kuogopa choo cha safarini, wala msiache vidonge kwa shauri lenu wenyewe. Kabla ya kuondoka mwulizeni mhudumu wenu wa afya namna ya kuvitumia mkiwa njiani. Ninyi mlio vijana, mwulizeni mzee wenu faraghani, si mbele ya kundi zima, maana hatasema. Bibi yetu hakusema, na tulikuwa tumelala chumba kimoja naye.

Tuliporudi tulikaa kufanya hesabu ya safari. Mweka hazina alisoma kila kitu, hata gharama ya hospitali. Kisha tukamwuliza Bibi, kati ya yote aliyoyaona, ni lipi lililompendeza zaidi. Tulidhani atasema Irente. Akasema, "Kaburi la mama yangu. Na kile chumba cha chini." Tukacheka sote. Mwaka ujao kikundi kinapanga safari nyingine, na safari hii tumekubaliana kwamba Bibi ndiye atakayepiga simu.