Njaa ao Hasira?

Toka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa ni kama kilometa 90 tu. Lakini ukivuka na kuingia Zambia, Kifaransa kinabaki nyuma. Ofisini na masomoni kule ni Kingereza zaidi.

Siku moja nilifika Kitwe jioni, tangu asubuhi sikukula kitu. Mama wa nyumba akaniuliza hali. Nikajibu: "I am angry." Nilitaka kusema "hungry", ni kusema nina njaa. Kumbe nilisema nina hasira! Yule mama akaogopa, akafikiri amenikosea. Nikajaribu Kibemba: "Insala!" Akacheka sana, kiisha akaniletea bukari.

Kosa lilitoka wapi? Kifaransa kinaandika H bila kuitamka, na sisi wenyewe hata "habari" tunasema "abari". Weka kiganja mbele ya kinywa, sema "hewa": pumzi iguse mkono. Kiisha sema "hangri", si "angri".

Kwangu ilikuwa kicheko. Lakini mbele ya munganga ao duane si kicheko: ukitamka "fifteen" ovyo, 15 yako inasikiwa 50. Wazazi, mtoto akirudilia neno mara kumi kwa sauti, musimuchekelee. Anajifunza kusikiwa.